Siku 28 za likizo na tamthilia nne za hospitali: wifi aanze na ipi?

Wifi yangu ni mkunga. Yuko hospitali moja upande wa Njombe, na mwezi wa saba anakuja kwetu Uyole kula likizo yake ya mwaka, zile siku 28 za kisheria alizozifuatilia tangu Februari. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake nasikia kichanga kinalia: "Wifi, niandalie sizoni moja nzuri ya madaktari. Moja tu. Sitaki yale ya mwaka juzi, tulianza tatu na hatukujua mwisho wa hata moja." (Sizoni ndilo jina letu la tamthilia yoyote ya nje, hata iwe na misimu kumi na mitano.)

Nilicheka. Mtu ametoka wodini miezi kumi na mmoja, akipewa nafasi ya kupumzika anataka kuangalia wodi. Lakini namwelewa. Mimi ni fundi cherehani pale Mwanjelwa, na nikikaa mbele ya TV jicho linaenda kwenye pindo la gauni kabla halijafika usoni kwa mwigizaji.

Hesabu kwanza. Kwetu TV ni ya Mama, yaani mama mkwe wangu, mpaka taarifa ya habari ya saa mbili iishe. Baada ya hapo ni episodi tatu, basi. Julai huku Uyole baridi inapanda kutoka sakafuni, na jiko la mkaa tunaliweka mlangoni, dirisha wazi, kwa amri ya wifi huyo huyo ambaye ameshapokea watu waliolala na mkaa ndani. Episodi tatu mara siku 28 ni 84. House ina episodi 177. ER ina 331. The Good Doctor, fupi kuliko zote, ina 126. Grey's Anatomy ilianza 2005, imeshapita 400 na bado inaendelea. Kwa hiyo hakuna atakayoimaliza, apende asipende. Swali langu likawa hili: ipi itamfikisha mahali pa kukatia bila kinyongo ndani ya usiku 28?

Watu wengi huchagua tamthilia ya hospitali kwa magonjwa, au kwa uzuri wa daktari. Mimi nachagua kwa jozi. Mgonjwa anaingia, anatoka kwa miguu yake au amefunikwa shuka hadi kichwani, wiki ijayo yupo mwingine. Wanaobaki ni watu wawili fulani waliofungwa pamoja kama ng'ombe wa plau, na ukiwapenda hao utavumilia upuuzi mwingine wote. Usipowapenda, hata upasuaji wa moyo utakupigisha miayo. Zote nne nimeziangalia kwa miaka, nyingine mara mbili, huku namtafsiria Mama sentensi kwa sentensi, kwa hiyo hukumu zake zimo humu pamoja na zangu. Nitafichua baadhi ya mambo. Asiyetaka kuharibiwa uhondo aruke mpaka mwisho.

House na Wilson

House ni daktari wa kuchechemea, fimbo mkononi, vidonge vya maumivu mfukoni, ulimi kama wembe. Hospitali yake ni ya kubuni, iko New Jersey, na tamthilia ilirushwa kuanzia 2004 hadi 2012. Aliyeibuni, David Shore, alimchonga House kwa kumtazama Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabuni, na Wilson akamfanya Watson wake, yaani rafiki anayemfuata kila mahali. Ndiyo maana kila episodi ni upelelezi ambao mhalifu wake ni ugonjwa. Mgonjwa anaanguka, anadanganya kuhusu maisha yake, timu inaandika dalili ubaoni, wanakosea mara mbili mgonjwa anakaribia kufa, mara ya tatu House anakodolea macho kitu kisichohusika kabisa na jibu linamjia. Baada ya episodi kumi umeshaujua mwendo. Hapo wengi huacha. Mimi hapo ndipo nilipoanza kupenda, kwa sababu nilikuwa nimeacha kumwangalia mgonjwa, namwangalia Wilson.

Wilson ni bingwa wa saratani, mpole, tai imekaa sawa. House anakula chakula kwenye sahani yake bila kuomba. Msimu wa pili House anamwambia ukweli kwamba amekuwa akimkopa pesa, kila mara kiasi kikubwa kuliko cha mwanzo, ili tu aone Wilson atakomea wapi. Nilipomtafsiria Mama hapo aliweka kikombe chini. "Huyo si rafiki, mwanangu. Huyo ni kupe." Msimu wa tatu mambo yakawa mabaya zaidi: mpelelezi mmoja wa polisi anamwandama House kwa ajili ya vidonge, akaunti za Wilson zinafungwa kwa sababu House aliandikia dawa kwenye karatasi za Wilson na kughushi sahihi yake, na House hata neno pole halimtoki. Mama alitaka tubadilishe stesheni. Nilimweleza kwamba hii iko kwenye flashi, haina stesheni.

Lakini mimi ni Mhehe wa Kalenga, na watani wetu ni Wangoni. Babu zetu walipigana sana karne ya 19, wakamaliza vita kwa kupeana ruhusa ya kutukanana milele. Babu yangu alipofariki, mtani mmoja wa Kingoni alikuja akalala mkekani mbele ya jeneza, akasema hatoki mtu hapa mpaka marehemu adaiwe vizuri, alikuwa mchoyo na alimnyima kuku wa mwaka 1987. Waombolezaji walicheka mpaka machozi yakachanganyika. Mtani huyo huyo ndiye aliyekuwa amechimba kaburi tangu alfajiri na kupika uji wa wazee. Ukikulia hapo, House hakusumbui. Unamjua. Ni mtani aliyezaliwa mahali pasipo na utani, kwa hiyo hakuna aliyemfundisha siku ya kukoma.

Na waandishi, sijui kwa bahati au kwa akili, wakaifunga tamthilia nzima msibani. Episodi ya mwisho, 2012, watu wanamuaga House. Wilson anasimama kusema maneno mazuri ya marehemu, katikati anashindwa, anaanza kumtukana kwa uchungu wa kweli, na simu inalia mfukoni. Ni ujumbe: nyamaza wewe mjinga. Marehemu yuko nje, hajafa. Wilson mwenyewe ana saratani na miezi mitano hivi ya kuishi, na House amejiua kwa jina ili apate kukaa naye miezi hiyo. Mama, aliyemwita kupe misimu minane, alifuta macho kwa ncha ya kanga akasema umeme wa hapa unamuumiza macho.

Kinachoniudhi ni Cuddy, mkuu wa hospitali. Yeye na House walikuwa wanabishana kama watu wenye akili sawa, bosi na mfanyakazi asiyewezekana, na utamu ulikuwa humo humo kwenye kubishana. Msimu wa saba wakawafanya wapenzi, kisha wakawaachanisha, kisha House akaligonga gari lake ndani ya nyumba ya Cuddy makusudi. Kwenye msimu wa nane Cuddy hayupo kabisa. Mwanamke aliyeiendesha hospitali ile miaka saba anaondoka bila hata kuagwa! Sijasamehe, na siombwi kusamehe.

Kwa wifi kuna tatizo jingine. Mwaka juzi tuliangalia episodi sita za House, na kila moja aliuliza: "Manesi wako wapi?" Ni kweli. Kwenye House daktari anatoa damu, anapima damu, anaiendesha mashine ya picha, anachungulia hadubini, na mchana anavunja mlango wa mgonjwa kutafuta sumu jikoni. Muuguzi anapita nyuma na trei. Mtu anayeshika wodi ya wazazi usiku na mwenzake mmoja hawezi kuona hilo akanyamaza.

Ila kwa hesabu ya jioni 28, House ina mahali pazuri pa kukatia. Misimu minne ya kwanza ni 22, 24, 24 na 16, jumla 86, mbili tu juu ya zile 84. Huo wa nne ulikuwa mfupi kwa sababu waandishi wa Marekani waligoma kuanzia mwishoni mwa 2007. Unamalizikia kwenye episodi mbili ambazo urafiki huu unapimwa mpaka mfupa: Wilson anamwomba House afanye jambo litakaloweza kumwua, kwa ajili ya mwanamke anayempenda. Sitasema zaidi.

Meredith na Cristina

Hii ni Grey's Anatomy, ndiyo wateja wangu wote wa kike wanaijua. Madaktari watano wapya wa upasuaji huko Seattle wanaanza kazi siku moja, chini ya Dokta Bailey ambaye kimo chake ni kifupi na sauti yake inafika Tunduma. Mtunzi ni Shonda Rhimes. Unapoangalia kumbuka mfumo wao: kijana wa Marekani anasoma chuo miaka minne, halafu udaktari minne, ndipo anaanza uinterni, na kwa upasuaji miaka mitano ya kujifunza kazini. Sisi daktari anasoma miaka mitano na uinterni mwaka mmoja. Kwa hiyo hao unaowaona wakilialia kwenye ngazi si watoto. Ni watu wazima wa miaka 27 wenye madeni.

Wengi watakwambia hadithi ni ya Meredith, mmoja wa hao watano, na Derek. Wanakutana baa usiku, asubuhi Meredith anagundua Derek ndiye bosi wake kazini, na mwisho wa msimu wa kwanza anatokea mwanamke mmoja mrefu mwenye nywele nyekundu na kujitambulisha kuwa mke wa Derek. Mama aliuliza swali moja tu, na hakuna mpenzi wa Derek niliyewahi kumsikia akilijibu: "Kwani pete alikuwa anaivulia wapi?" Mimi kwa Derek sina la kusema. Wanaume wa aina hiyo hata stendi ya Nane Nane wapo, na hawana nywele nzuri vile.

Jozi ya kweli ni Meredith na Cristina, mwenzake kati ya wale watano. Msimu wa pili unaanza, Cristina ana mimba asiyoitaka na hajamwambia mtu. Kliniki inamdai jina la mtu wa kupigiwa simu likitokea la kutokea, bila hilo hawampi miadi. Anaandika jina la Meredith, kisha anakwenda kumwambia kwa sauti kavu kama anayemwambia bei ya nyanya: wewe ni mtu wangu. Wamarekani waliligeuza neno hilo kuwa nembo, wakachapisha kwenye vikombe na fulana. Nilishangaa kidogo, maana sisi tunalitumia bila hata kufikiri. Ukishuka Kabwe vijana wanaitana hivyo toka bajaji moja hadi nyingine, "mtu wangu!", na hawajawahi kuandikiana mahali popote.

Lakini pale kwenye fomu lina uzito mwingine. Kila faili la hospitali zetu lina mstari wa ndugu wa karibu. Nilipolazwa kwa upasuaji wa kidole tumbo, kabla sijaolewa, karani aliniuliza mstari ule na nikakaa kimya muda mrefu. Mama yangu mzazi hakuwa na simu, kaka alikuwa safarini. Nikataja jina la rafiki yangu tuliyekuwa tunashona naye. Karani akauliza, "Ndugu yako kwa nani?" Nikasema dada. Mpaka leo ni dada. Kwa hiyo nikisikia watu wanaisema tamthilia ile ni ya mapenzi tu huwa naona hawakuangalia vizuri.

Kasoro yake ni kwamba haijui kuacha. Cristina anaondoka mwisho wa msimu wa kumi, 2014, Derek anakufa mwaka unaofuata, na tamthilia inaendelea kama daladala iliyoshusha abiria wote na bado konda anapiga debe. Halafu misiba: basi, risasi, ndege, kuzama, bomu. Na wifi ana kesi yake na Izzie, yule aliyekata waya wa mashine ya moyo ya mgonjwa aliyempenda ili mgonjwa asogezwe mbele kwenye foleni ya kupata moyo. Wifi alisimama. "Na yule mwingine aliyekuwa anangoja moyo huo huo? Yeye hana mama?" Likizo ya mtu isiwe ya kupandisha presha.

Ukiamua kuianza, kata mwisho wa msimu wa nne. Hapo utakuwa umeangalia 78, na utabakiwa na jioni mbili za kulala mapema.

Shaun na Glassman

Hii ni The Good Doctor, nitaipitia haraka. Si mbaya, ila jozi yake ni rahisi kuielewa. Shaun ni daktari kijana wa upasuaji mwenye usonji, Glassman ni rais wa hospitali aliyemlea tangu utotoni na aliyeweka kazi yake rehani ili Shaun aajiriwe. David Shore yule yule wa House ndiye aliyeitengeneza upya kwa Marekani mwaka 2017, kutoka tamthilia ya Korea ya 2013. Ukizitazama kwa pamoja unaona ni kama alitaka kutubu: kule daktari mwenye kipaji anajua uongo wa watu wote, huku daktari mwenye kipaji hajui kusema uongo.

Mama anaipenda kuliko zote. Anamwita Shaun "mjukuu", na siku Shaun alipogundua kwamba uvimbe kwenye ubongo wa Glassman unatibika, alisema "ndaga fijo" kwa sauti, kama vile Shaun amemhudumia yeye. Mimi nachoka kidogo na baba anayejua kila mara lililo jema. Tena mtu asidhani kila mwenye usonji ana kichwa cha ajabu kama cha Shaun. Wa hivyo ni wachache, na mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo pale mtaani kwetu hahitaji watu wamuulize mtoto anaweza hesabu gani. Lakini kama unaangalia na watoto au wazee, na unataka kulala bila hasira, chukua hii. Kwa mwendo wa episodi mbili kwa usiku unaimaliza siku 63.

Benton na Carter

ER ndiyo ya zamani kuliko zote. Ilianza Septemba 1994 na kumalizika Aprili 2009. Mwandishi wake wa kwanza, Michael Crichton, alisomea udaktari mwenyewe kabla ya kuishi kwa kalamu. Picha ina ukungu wa zamani, simu ni za waya, na episodi ya kwanza ina mwendo wa kukimbia hata unaona kama umeingia jengo la watu bila kukaribishwa. Ipe nafasi. Ni idara ya dharura ya hospitali ya umma Chicago, benchi zimejaa, kuna mtu amelala korido, kuna mlevi anaimba. Kati ya hizi nne ni hii tu ambayo wifi aliiangalia dakika kumi akasema, "Hapa napajua."

Manesi wapo, kwanza. Wana majina, wana migogoro, wanawakatalia madaktari. Carol Hathaway, msimamizi wa manesi, ni mmoja wa wahusika wakuu, na episodi ya kwanza kabisa yeye ndiye anayeletwa kwa kitanda cha magurudumu.

Jozi yangu humo ni Peter Benton na John Carter. Benton ni daktari wa upasuaji anayejifunza ubingwa, mweusi, mtoto wa familia ya kawaida, hacheki, hasifu, anatembea mbele kama amechelewa treni. Carter ni mwanafunzi, mtoto wa matajiri, koti limepigwa pasi, siku ya kwanza hajui hata kuweka dripu. Benton anamwonyesha mara moja, anamwacha. Misimu mitatu unangoja Benton aseme "umefanya vizuri", na yeye anakunyima. Badala ya kumpa Carter sifa, anampa kazi. Anapokaribia kumwonea huruma, anatazama saa.

Sikuipenda jozi hii mara ya kwanza. Niliipenda baada ya kumuuguza baba.

Ilikuwa siku ya raundi kubwa, watu kama kumi na wawili wamezunguka kitanda, bingwa mbele. Akamuuliza daktari mmoja wa interni, binti mdogo, majibu ya potasiamu ya mgonjwa. Binti hakuwa nayo. Bingwa akafunga faili, akalibana kwapani, akasema, "Tutakusubiri." Wote wakasimama. Binti alikimbia, viatu vyake vya plastiki vinapiga sakafu koridoni, pa, pa, pa, ukausikia mlio ukienda mpaka maabara na kurudi. Dakika saba nzima hakuna aliyeongea. Nilimchukia yule mzee kwa moyo wote. Usiku wa siku hiyo, saa tano imepita, mishipa ya baba imegoma, ametobolewa mara nne. Mlango ukafunguka, ni yule bingwa, hana koti, ana sweta la kufumwa. Hakumwondoa binti kwenye kiti. Alichuchumaa pembeni yake kwenye sakafu baridi, akaweka kidole chake juu ya kidole cha binti kwenye mkono wa baba, akasema polepole: "Usiutafute kwa macho. Uguse. Umeusikia? Haya, huo." Kanula ikaingia. Akaamka, magoti yakalia, akaondoka bila kusema usiku mwema.

Huyo ni Benton. Tangu hapo nikimwona kwenye skrini nawaona wawili.

Na tamthilia haimwachii Benton apite bure na ukali wake, hilo ndilo linaloiinua juu ya nyingine. Msimu wa tatu wanamleta interni mwingine, Dennis Gant, kijana mweusi ambaye Benton anamkandamiza kuliko Carter, kwa imani kwamba anamkaza kwa faida yake. Carter anaona na kukaa kimya. Mwisho wa Gant sitauandika, ila baada yake huwezi tena kusema "ukali hujenga" ukiwa umekunja nne. (Gant ni Omar Epps, ambaye miaka michache baadaye ndiye Dokta Foreman kwenye House. Ukiangalia zote mbili unahisi kama Gant amepewa maisha ya pili na bosi mbaya zaidi.)

Onyo kwa mkunga yeyote, na hili nimeliandika kwenye karatasi nitakayoifunga na flashi. Episodi ya 19 ya msimu wa kwanza, iliyorushwa Machi 1995, kwa hesabu yetu itaangukia usiku wa saba. Mama mjamzito anakuja na kukojoa mara kwa mara. Dokta Greene, mwema kuliko wote mle ndani, anaona ni maambukizi ya njia ya mkojo, anamruhusu. Mama anaanguka degedege kwenye gari kabla hajatoka maegesho. Kifafa cha mimba. Kutoka hapo ni saa nzima ya kosa moja linalozaa lingine, bingwa wa wazazi anachelewa kufika, na mtoto anaishi, mama haishi. Greene anamaliza usiku analia peke yake kwenye treni.

Mwaka 2021 wifi alinipigia saa tisa usiku kutoka korido ya kazini kwake. Hakusema kitu. Nilisikia tu anapumua, na mahali fulani mbali chuma kikigongana na beseni. Tulikaa hivyo mpaka salio lake likaisha. Kwa hiyo nilifikiria sana kama niiruke episodi hiyo. Nimeamua nisiiruke, ila Mama atakuwa amelala, na tutaangalia moja tu usiku huo.

Jambo moja dogo la kitaalamu, kabla hajaniambia yeye: tamthilia za hospitali zina mazoea ya kuwapiga watu shoti ya umeme kifuani moyo ukishanyooka mstari. Wifi ameshanieleza mara nyingi kuliko ninavyotaka kwamba mstari ulionyooka haupigwi shoti, unakandamiza kifua na kutoa dawa. Shoti ni ya moyo unaotetemeka ovyo. Kaeni mbali naye kwenye kochi dakika hizo.

Kwa wengine ushauri wangu ni mfupi. Kama umewahi kuwa na rafiki aliyekumaliza na bado ukampenda, nenda kwa House. Kama ndugu yako wa karibu kwenye faili si ndugu, Grey's Anatomy, na ujue pa kushukia. Wenye watoto sebuleni, The Good Doctor. Kama uliwahi kufundishwa kazi na mtu ambaye hakukusifu hata siku moja, iwe ni cherehani, gereji au jiko la hoteli, ER itakukuta.

Wifi anapata ER. Misimu mitatu ya kwanza ni 25, 22 na 22, jumla 69, na inakomea mahali ambapo Carter si mtoto tena. Zinabaki 15. Mpwa wangu alinishauri niweke msimu wa kwanza wa The Pitt, wa 2025, ambayo Noah Wyle, yule yule aliyekuwa Carter, sasa ni daktari mzima mwenye ndevu kule Pittsburgh: episodi 15, kila moja ni saa moja ya zamu moja. Hesabu ingetoka 84 kamili. Lakini mtu aliyetoka zamu za saa 12 simwekei zamu ya saa 15 kwenye likizo yake.

Alisema moja tu, namheshimu. Flashi iko tayari juu ya mashine yangu, ina jalada la ER. Chini yake nimeweka jingine lenye msimu wa nne wa House, zile episodi 16, kama kutatokea usiku ambao hatutaki kulala. Nililiita "Kwaya" kwanza, nikakumbuka kwamba Mama angelifungua hilo kabla ya yote. Sasa linaitwa "Mishono 2019".